Fahamu: Kwa nini watafiti hugawana msimbo lakini hufungia taarifa za watoto

Haydom, wilayani Mbulu nchini Tanzania, ilikuwa mojawapo ya vituo vinane vya MAL-ED, utafiti ulioanza 2009 kufuatilia lishe na kuhara kwa watoto wa nchi nane tangu wazaliwe. Kazi ya aina hiyo huzaa vitu viwili: msimbo, yaani maagizo ya kompyuta ya kukokotoa matokeo, na taarifa za watoto wenyewe. Msimbo ugawiwe, maana makosa huonekana mwingine anapoupitia. Taarifa ni amana ya mama aliyekubali kuhojiwa.

Kufuta jina hakutoshi. Katika kijiji kidogo cha Mbulu au Hanang, pacha waliozaliwa tarehe fulani wanajulikana na kila mtu. Heri kuandika umri kwa siku badala ya tarehe ya kuzaliwa, na kuondoa alama za GPS za nyumba.

Hatari inayonitia hofu zaidi imo kwenye Git, programu ya kutunza msimbo. Faili la majina likiingia humo kwa bahati mbaya, kulifuta leo hakuliondoi kwenye kumbukumbu za jana. Taarifa zikae kwenye seva tofauti, kwa ruhusa ya wachache.

Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti.