Gari Likichemsha, Msichemke Nanyi

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, kuna wapenzi wengi ambao uhusiano wao unapitia Chalinze, Dumila na Gairo. Mmoja kahamishiwa ofisi, mwenzake kabaki Dar. Ni kweli treni ya SGR imepunguza adha tangu 2024, lakini ukiwa na watoto, godoro na gunia la mahindi ya Kibaigwa, mnarudi kwenye lile lile gari lenu la zamani kutoka Japani.

Likianza kuchemsha njiani, hapo ndipo utamjua mwenzi wako! "Si nilikwambia tuuze hili gari?" anafoka mmoja. Mwingine ananuna na kukanyaga mafuta, eti tufike kwanza. Jamani, hapana. Injini iliyozidiwa joto ikizidi kukimbizwa huunguza gasketi ya silinda hedi, na hedi yenyewe inaweza kupinda. Tatizo la bei ya paipu linageuka kuwa akiba ya harusi.

Kwanza simameni

Sindano ya joto ikipanda, zima AC. Washa hita mpaka mwisho, hata kama mtatoka jasho, kwani inavuta joto kutoka kwenye injini. Tafuta mahali salama, egesha, zima. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto: mvuke wake unaunguza uso kufumba na kufumbua. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka paipu ya juu ishikike kwa mkono.

Linachemsha wakati gani?

Fundi mzuri huuliza hivyo kabla ya kushika spana. Anayekaa kiti cha abiria ndiye shahidi, kwa hiyo aangalie vizuri.

Kwenye foleni tu, likikimbia linapoa: angalia feni kama inazunguka.

Kwenye mlima au mwendo mkali: huenda rejeta imeziba. Vumbi la Dodoma hujazana nje yake, na maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani, kama ule wa kwenye birika.

Dakika chache baada ya kuwasha, paipu ya juu ni ya moto na ya chini ya baridi: shuku thamostati iliyokwama. Fundi akisema aing'oe aitupe, kataa, muweke nyingine. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto na hula mafuta.

Maji yanapungua lakini hakuna tone chini: hapo kaa chonjo. Moshi mweupe usioisha, mapovu kwenye rejeta au oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili za gasketi.

Mfuniko mdogo, kazi kubwa

Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 pale Dar, huku yanachemka kwa takriban 96. Mfuniko mzima wa rejeta hubana presha, na hivyo maji huvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Raba yake ikichoka, kinga hiyo imekwisha. Ndiyo maana gari linaweza kuwa zima Kinondoni na likawasumbua baada ya kupanda Gairo. Anzeni na mfuniko, ni spea ya bei ndogo kuliko zote hizi. Na weka kulanti, si maji matupu ya bomba.

Makubaliano ya safari

Kabla ya kuondoka, injini ikiwa ya baridi, fungueni boneti pamoja: maji, oili, paipu, mkanda. Dakika tano tu. Halafu wekeaneni sheria moja: yeyote atakayeona sindano imepanda akisema "tusimame," mnasimama. Nani alikataa kuuza gari, mtaongea mkishafika.