MF DOOM: Mwingereza aliyefungiwa mlango wa Marekani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimfuatilia Slick Rick, mzaliwa wa Mitcham, kusini mwa London, aliyehamia Bronx akiwa mdogo akaja kuwa msimulizi hodari kupita wote katika hip hop ya miaka ya 1980. Tuliona jinsi maofisa wa uhamiaji walivyomkamata Florida mwaka 2002 alipotoka kutumbuiza kwenye meli ya kitalii, wakamweka ndani miezi 17, na jinsi alivyopigania haki ya kubaki hadi gavana wa New York alipompa msamaha mwaka 2008. Leo ni zamu ya mwenzake, naye mzaliwa wa London aliyelelewa na New York, ambaye milango haikumfungukia.

Jina lake Daniel Dumile, ingawa dunia inamjua kama MF DOOM, kwa herufi kubwa zote kama alivyosisitiza mwenyewe. Alizaliwa Hounslow, magharibi mwa London, Julai 13, 1971, kwa mama wa Trinidad na baba wa Zimbabwe. Uingereza hawakukaa sana. Daniel akiwa bado mtoto mdogo, familia ilihamia Long Island, na alikulia hasa katika mji wa Freeport. Nyumbani baba aliwasomesha watoto historia ya Afrika na ya mapambano ya watu weusi, na somo hilo linasikika katika kazi za mwanzo za Daniel na mdogo wake, Dingilizwe.

Kabla hatujaingia kwenye muziki, tuelewane kuhusu sheria, maana bila hiyo nusu ya pili ya maisha yake haieleweki. Hadi mwisho wa mwaka 1982, karibu kila aliyezaliwa kwenye ardhi ya Uingereza alikuwa raia wake moja kwa moja, bila kujali wazazi wametoka wapi. Kuanzia Januari 1, 1983 utaratibu huo ulifutwa, na sasa hali ya mzazi ndiyo inayotazamwa. Daniel alizaliwa chini ya sheria ya zamani, kwa hiyo alikuwa Mwingereza kamili. Uraia wa Marekani hakuwahi kuuchukua. Alisoma huko, akaoa huko, akapata watoto huko, akajenga jina huko, na miaka yote hiyo alikuwa mgeni mbele ya sheria. Wako wengi wa namna hiyo. Mtu aliyeingia nchi akiwa hajui hata kutamka jina lake hana sababu ya kujiona mgeni.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye na mdogo wake waliunda kundi la KMD. Daniel alijiita Zev Love X, Dingilizwe akajiita DJ Subroc. Albamu yao ya kwanza, Mr. Hood, ilitoka mwaka 1991 chini ya kampuni ya Elektra, na ilikuwa kazi ya vijana wachangamfu wanaoukejeli ubaguzi kwa ucheshi. Ya pili walikuwa karibu kuimaliza Subroc alipogongwa na gari akivuka barabara kuu, Aprili 1993, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 19. Kaka yake aliimalizia peke yake. Elektra ikaiona picha ya jalada, aliyoichora Dumile mwenyewe: kikaragosi cha mtu mweusi, cha aina ile ya kibaguzi iliyochorwa Marekani kwa vizazi, kikiwa kimetundikwa kitanzini. Alikusudia kukinyonga kile kikaragosi cha dharau. Kampuni iliogopa kelele, ikaifungia albamu mwaka 1994 na kuvunja mkataba. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amepoteza mdogo wake, kundi na kazi.

Miaka kadhaa iliyofuata hakusikika. Baadaye alisimulia kwamba alitangatanga mitaa ya Manhattan, nusura kukosa pa kulala. Karibu na mwaka 1997 akaanza kuonekana kwenye jukwaa la Nuyorican Poets Café, mahali ambapo yeyote aliweza kupanda na kughani, akiwa amejivika soksi ndefu ya kike usoni. Soksi hiyo baadaye ikawa kinyago cha chuma, kwa mfano wa Doctor Doom, adui mwenye uso ulioungua katika vitabu vya katuni vya Marvel. Mwaka 1999 akatoa Operation: Doomsday, albamu aliyoitengeneza kwa fedha kidogo mno, na wimbo wake mkuu ukajengwa juu ya kipande cha Sade, naye msanii wa Uingereza, mzaliwa wa Ibadan.

Wengi wamekieleza kinyago hicho kama mbinu ya biashara. Mimi sikubaliani nao. Huyu alikuwa mtu aliyekwisha kuonekana kwenye televisheni kwa sura na meno yake, halafu tasnia ile ile ikamtupa nje akiwa bado kwenye msiba. Aliporudi alisema wazi kuwa anataka watu wasikilize wala wasitazame, na alilishika neno hilo kwa miaka ishirini bila kulegea. Katika kipindi ambacho rapa aliuzwa kwa cheni, gari na kifua wazi, yeye aliiuza sauti yake tu.

Na sauti hiyo ilibeba ufundi ambao wasomaji wa ushairi wetu wataufahamu upesi. Sisi tunajua vina vya kati na vina vya mwisho. Rapa wa kawaida huridhika na kina kimoja mwishoni mwa mstari, silabi moja au mbili. DOOM alilinganisha kipande kizima cha silabi nne, tano, hata sita, akakirudisha katikati ya mstari unaofuata, kisha mwishoni, na mara nyingine akaendelea na sauti ile ile kwa mistari sita au minane huku hadithi ikisonga mbele. Nitoe mfano mdogo kwa Kiswahili, niliotunga mwenyewe: chini ya mvua, nini wajua, mwizi kamjua. Sikiliza irabu zake: i, i, a, u, a, mara tatu, bila hata moja kupotea. Kwa Kiswahili jambo hili halina ugumu mkubwa, kwa kuwa irabu zetu ni tano na kila moja hutamkwa waziwazi. Kiingereza kina irabu nyingi, nusu yake zinamezwa mdomoni, na anayejaribu mchezo huo hujikuta anatoa vina vitupu visivyo na maana. DOOM alitoa vina, maana, na kichekesho juu yake. Tena alijirejelea kama mtu wa tatu, kama mtambaji anayesimulia vituko vya jambazi fulani aliyemwona kwa mbali.

Anayetaka kuusikia ufundi huo ukiwa umekomaa aanze na Madvillainy, albamu ya Machi 2004 aliyoifanya na mtengeneza midundo Madlib wa California kwa lebo ya Stones Throw. Sehemu ya midundo yake Madlib aliitengenezea chumbani hotelini São Paulo, Brazil, mwaka 2002, akiwa na mashine ndogo ya kurekodia vipande vya sauti, kicheza santuri cha kubebeka na deki ya kaseti. Humo mna nyimbo 22 ndani ya dakika 46 hivi. Viitikio karibu havipo. Wimbo wa Accordion hauna hata dakika mbili: kinanda cha mkono kinavuta noti zilezile chache, kama mlango unaofunguliwa na kufungwa na upepo, na DOOM anaingia juu yake bila haraka, analala kidogo nyuma ya mdundo, anamaliza alichokuja kusema na kuondoka.

Utulivu huo haukuwepo tangu mwanzo. Nakala ya majaribio ilivuja kwenye intaneti zaidi ya mwaka mmoja kabla ya albamu kutoka, na wasanii wote wawili wakakata tamaa wakaiweka kando. Walipoirudia, DOOM alirekodi upya maneno yale yale kwa sauti ya chini na nzito zaidi, ya mtu aliyechoka lakini anajua anachokisema. Ukizilinganisha nakala hizo mbili unaona jinsi mghani anavyoweza kubadilisha maana ya mstari bila kugusa neno hata moja. Sokoni albamu ilifika nafasi ya 179 tu katika chati ya Marekani. Marapa wa kizazi kilichofuata, Earl Sweatshirt na Tyler, the Creator wakiwemo, wameikariri.

Mwaka huo huo wa 2004 alitoa MM..FOOD, ambamo kila wimbo umepewa jina linalohusu chakula, na kabla yake alikuwa ametumia majina mengine ya kisanii, kila moja na tabia yake. Halafu kuna jambo ambalo simtetei. Kuanzia mwaka 2007 alituma watu wengine jukwaani wakiwa na kinyago chake, wakafuatisha midomo juu ya sauti iliyorekodiwa. Alieleza kuwa yeye ni mwandishi anayechagua mwigizaji wa kumwigiza mhusika wake. Hoja yenyewe inavutia, ila kijana aliyetoa akiba yake kununua tiketi hakuambiwa kuwa anakwenda kutazama maigizo.

Mwaka 2010 alikwenda Ulaya kwa ziara ya muziki, na London ikiwa miongoni mwa vituo. Alipotaka kurudi nyumbani, Marekani ilimkatalia kuingia. Mke na watoto walikuwa ng'ambo ya pili. Ilipita karibu miaka miwili kabla ya familia kuungana tena, nayo ikawabidi wao wamfuate. Pasipoti iliyomrudisha Uingereza ilikuwa halali, lakini nchi yenyewe hakuijua. Alikuwa na umri wa miaka 39, akianza kujifunza mitaa na misemo ya mji aliozaliwa. Mwaka 2012 yeye na mtayarishaji Jneiro Jarel walitoa Key to the Kuffs kupitia Lex, lebo ya Uingereza. Imejaa maneno ya mitaani ya London na msikilizaji makini anasikia upweke ndani yake, ingawa hasemi neno la kujihurumia. Kwangu hii ndiyo albamu yake inayostahili kusikilizwa upya kuliko zote.

Alipozuiwa kurudi Marekani, daftari zake nyingi za mashairi zilibaki Los Angeles, na zikaja kuzaa kesi mahakamani mwaka 2023. Desemba 2017 alitangaza kifo cha mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 14. Miaka yake ya mwisho aliishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza.

Oktoba 2020 alipelekwa hospitali ya St James's mjini humo, uso na koo vikiwa vimevimba kwa athari ya dawa za presha alizokuwa ameanza kutumia karibuni. Alifariki Oktoba 31, akiwa na miaka 49. Uchunguzi wa kifo uliofanyika mwaka 2023 ulithibitisha chanzo hicho, na uongozi wa hospitali ukaomba radhi kwamba huduma aliyopewa haikufikia kiwango kilichotarajiwa. Uvimbe wa aina hii unajulikana hasa kwa dawa za kundi la vizuizi vya ACE, kama captopril na enalapril, ambazo zinatumika sana hapa kwetu, na huwapata watu weusi mara nyingi kuliko wengine. Anayezitumia asiziache kiholela. Ila akiona midomo, ulimi au uso unavimba, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Mkewe alitangaza msiba Desemba 31, miezi miwili baadaye. Majira ya joto ya mwaka 2021 Freeport ikaupa mtaa mmoja jina la KMD na MF DOOM. Slick Rick alipata wanasheria, mashabiki waliopiga kelele kwa miaka, na mwishowe gavana mwenye kalamu; uraia wa Marekani aliupata mwaka 2016. Dumile alizuiwa nje ya mpaka, mahali ambapo mtu hana hakimu wa kumlilia, na sheria ya uhamiaji ya Marekani ingali inawatenga wazazi na watoto wao ambao majina yao hayatawekwa mtaani.

Wiki ijayo tutahamia Battersea, kwa Monie Love, msichana wa London aliyeingia katika familia ya Native Tongues akashika kipaza sauti pamoja na Queen Latifah.