Saikloni ya mashine ya unga yaweza kumfaa seremala

MTU aliyewahi kupeleka mahindi mashineni ameiona saikloni, hata kama hakuijua jina. Ni lile pipa la bati lililochongoka chini mfano wa faneli, ambamo unga hutua kabla ya kuingia mfukoni. Seremala wa Nangurukuru, pale barabara ya Lindi inapoachana na ile ya Kilwa Masoko, anaweza kutumia kifaa hicho hicho kuondoa vumbi la mbao.

Haja ipo. Misitu ya Kilwa ina mpingo, mninga na mkongo, na vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, FSC, mwaka 2009. Mbao hizo zina bei, lakini vumbi la mpingo na mninga huwasha ngozi ya baadhi ya watu na kuwabana kifua. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitaja vumbi la mbao kuwa chanzo cha saratani, hasa ya pua.

Ndani ya saikloni hakuna kichujio. Feni huvuta hewa yenye vumbi, nayo huingia kwa ubavuni, juu ya pipa, na kulazimika kuzunguka kwa kasi. Maranda na chembe nzito hutupwa ukutani, huishiwa kasi na kuporomoka hadi kwenye pipa la chini. Hewa, ambayo ni nyepesi, hugeuka katikati na kupanda kupitia bomba la juu.

Mmarekani John M. Finch alipata hataza ya saikloni mwaka 1885. Karibu karne moja baadaye, Mwingereza James Dyson aliwaza kuiingiza kwenye mashine ya kufagilia ya nyumbani. Alitengeneza za majaribio 5,127, na mwaka 1993 akaanza kuuza DC01, isiyo na mfuko.

Fundi bati anayetengeneza saikloni za mashine za unga anaweza kumtengenezea seremala ya kwake. Vipimo, hata hivyo, visikisiwe. Pipa jembamba hukamata chembe ndogo zaidi, lakini hudai feni yenye nguvu. Feni ikae baada ya saikloni ili vipande vya mbao visiipige.

Kosa kubwa ni kuacha upenyo chini. Pipa la maranda lisipofunga sawasawa, hewa huvutwa kutokea chini na kuyarudisha maranda juu. Ndivyo inavyokuwa pia likiachwa lijae. Mdomo wa bomba nao uwe jirani kabisa na msumeno. Kwa bomba la inchi 4, umbali wa inchi 4 tu hupunguza kasi ya mvuto hadi karibu sehemu moja ya kumi.

Saikloni haimalizi kazi yote. Vumbi laini kabisa, ambalo ndilo hufika ndani ya mapafu, hupita nayo hewa. Hivyo bomba la kutolea lifungwe mfuko wa kitambaa kizito au litoe nje, mbali na majirani, na fundi aendelee kuvaa barakoa. Sigara isikaribie, maana vumbi la mbao hushika moto upesi.

Maranda yanayobaki pipani huwafaa wafugaji wa kuku kwa kutandika bandani, mradi yawe makavu, yasiwe ya mbao zilizotiwa dawa wala yasichanganywe na vumbi laini, linalosumbua vifaranga.