Tela la wageni na mteremko wa Kitonga

Ifikapo Desemba, shule zinapofungwa Afrika Kusini, barabara ya kutoka Tunduma kwenda Dar es Salaam hupata wasafiri wa aina yake. Ni familia zilizojaa kwenye Land Cruiser na Hilux zenye namba za GP, yaani Gauteng, na nyuma wanakokota tela. Humo ndani mna vitanda, friji, jiko la gesi na tangi la maji, na juu kumefungwa hema. Wamepita Botswana na Zambia, wengine Malawi, na wanataka kuiona bahari yetu kabla likizo haijaisha.

Ukizungumza nao kituo cha mafuta, watakutajia hofu zao bila kuficha: majambazi, simba wa Mikumi na askari wa barabarani. Mimi naona wanaogopa visivyo. Wizi upo, ndiyo, na dawa yake inajulikana: kufuli kwenye kiungio cha tela na kulala kwenye kambi yenye uzio na mlinzi. Simba hana shida na mtu aliye ndani ya gari. Kinachoweza kuimaliza familia ile kiko nyuma ya bampa yao wenyewe, na wamekivuta kutoka nyumbani.

Tela lina tabia zake, na mtu aliyezoea gari dogo huchelewa kuzijua. Kubwa kuliko zote ni kuyumba. Mizigo mizito ikikaa nyuma ya ekseli, mathalani jenereta, madumu ya maji na tairi mbili za akiba, pua ya tela inakuwa nyepesi na mkia unaanza kutafuta njia yake. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa huenda dereva asihisi kitu. Akifika 100, upepo wa lori linalompita unatosha kuuanzisha mchezo: tela linakwenda kulia, linarudi kushoto, kila safari kwa nguvu zaidi, mpaka linaanza kuligeuza gari linalolivuta. Ndiyo maana watengenezaji wa Ulaya hushauri kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa tela ikae kwenye pua, pale linaposhikana na gari. Wamarekani, ambao matela yao ni mazito zaidi, husema 10 hadi 15. Vitu vizito viwekwe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mablanketi yakae popote.

Likishaanza kuyumba, mkono na mguu wa dereva hutaka kufanya kinyume cha kinachofaa. Akikanyaga breki kwa ghafla anamaliza kazi. Akifukuzana na usukani, kulia, kushoto, anauongeza mwendo wa mkia. Wapo pia wanaofundishana kukanyaga mafuta ili tela linyooke, na huo ni ushauri wa kumpeleka mtu kaburini. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, acha mwendo ushuke wenyewe. Kama tela lina breki za umeme zenye kitufe chake pale kwa dereva, kibonyeze ili tela lifunge breki peke yake na kujivuta nyuma.

Sasa tufike Kitonga. Anayetoka Iringa kwenda Morogoro anaushuka mlima huo, na madereva wa malori wanaujua kwa heshima zote: kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Matela mengi ya wasafiri hutumia breki zinazofanya kazi kwa msukumo. Gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma, na msukumo huo ndio unaobana breki za tela. Ni ufundi mzuri kwenye tambarare. Kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinabana muda wote, zinapata moto, na zikishapata moto kupita kiasi hazishiki tena. Uzito wote unahamia kwenye breki za gari, ambazo nazo zimekwisha kuchoka. Utingo yeyote wa Makambako angemweleza mgeni huyu jambo ambalo madereva wa malori hulifanya bila kufikiri: gia ndogo huchaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka, na injini ndiyo inayolishika gari. Ukisikia harufu ya breki ulikuwa umechelewa kilomita mbili nyuma.

Safari hizi si ngeni barani kwetu. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kiwanda cha matela cha Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ya alumini kutoka Cape Town hadi Cairo. Walichukua zaidi ya miezi sita. Addis Ababa walitembelewa na Mfalme Haile Selassie, na mwisho wakayapanga matela yao mbele ya piramidi za Giza wakapigwa picha. Shida yao kubwa ilikuwa barabara isiyokuwepo, na Ethiopia iliwatesa kwa matope na mawe. Lakini barabara mbaya humlazimisha mtu kwenda polepole, na tela linalokwenda polepole haliyumbi. Leo kutoka Isiolo hadi Moyale, kule Kenya, ni lami tupu, na Tunduma hadi Dar ni lami. Mgeni aliyezuiwa na makorongo siku tatu akiingia kwenye lami hujiona amefunguliwa minyororo. Hapo ndipo ninapomhofia.

Tairi nazo zinadanganya. Tela hukaa bandani karibu mwaka mzima, hivyo kashata za tairi zinaonekana mpya ilhali mpira wenyewe umezeeka. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la umri huo usilivute kwenye joto la bonde la Ruaha hata kama limeshiba upepo. Beringi hupimwa kwa mkono tu. Kila unapojaza mafuta, gusa katikati ya gurudumu. Kama huwezi kuushikilia mkono pale, grisi imekwisha au breki inabana.

Kuhusu usiku sitasema mengi: usiendeshe. Ng'ombe na punda wa Botswana hawana taa, na lori lililoharibika kwetu huonyeshwa kwa matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Mgeni asiyeijua ishara hiyo huyaona ni takataka. Hatari nyingine ya usiku ni ya kimya: baridi ya Mbeya ikizidi, kuna wanaoingiza jiko la mkaa ndani ya tela na kufunga madirisha. Hewa yake haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini.

Makaratasi pia ni usalama, kwa sababu mtu aliyekwama mpakani usiku ni windo. Tela linahesabiwa kama chombo kinachojitegemea, lina namba yake na chasisi yake, na lazima liandikwe kwenye hati za forodha. Ukiliacha limeharibika porini na kutoka nchini bila hilo, utadaiwa ushuru kana kwamba umeliuza. Msumbiji hudai bima ya tela peke yake, pamoja na alama ya pembetatu ya njano kwenye bluu mbele ya gari na nyuma ya tela. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda unahamia upande wa kulia wa barabara, na kwa usukani ulio kulia hutaona mbele ya lori unalotaka kulipita. Usilipite. Na askari wenye tochi za kupima mwendo? Vibao vya 50 vijijini vinasomeka vizuri. Anayevitii hana sababu ya kuwaogopa, na anayekosea alipe kwa namba ya malipo ya serikali, asitoe noti dirishani.

Wenyeji nasi tuna sehemu yetu. Basi linalompita mtu mwenye tela kwa kasi humsukuma kwa upepo, kisha dereva wetu hurudi kushoto mapema akidhani amemaliza gari, kumbe mbele ya tela bado kuna bampa ya mgeni. Ndugu yangu dereva wa basi, ukiliona tela hilo kati ya Mafinga na Iringa, mpite kwa nafasi pana, na usirudi upande wako mpaka umwone mzima kwenye kioo.