Panya Hai katika Kizimba cha Nyoka

Watu wengi hudhani kwamba panya hai akitiwa katika kizimba cha chatu, aliye hatarini ni panya peke yake. Madaktari wanaotibu nyoka wa kufugwa wanajua kisa cha namna nyingine. Panya aliyesahauliwa humo usiku kucha, bila ya chakula wala maji, huanza kumguguna chatu mwenyewe, na asubuhi mfugaji humkuta nyoka wake amechunwa mgongo, pengine hata mifupa ya uti inaonekana.

Jambo hili si la ajabu kwa ajuaye maumbile ya wanyama hawa wawili. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, na kuguguna kwake ni desturi ya kila siku. Nyoka, kwa upande wake, hana mkono wa kujikinga wala kope za kufumba. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Akipatwa na baridi, misuli yake hulegea. Akiwa ameshiba, au akikaribia kujivua gamba na macho yake yakafunikwa na ukungu, hana haja ya kuwinda. Porini angejiondokea. Kizimbani hana pa kwenda. Yuko chatu mdogo wa Afrika Magharibi, mwenyeji wa Ghana, Togo na Benin, anayefugwa kwa wingi Ulaya na Marekani. Huyu husifika kwa kususa chakula hata miezi kadhaa, bila ya kuwa na ugonjwa wowote.

Hata nyoka mwenye njaa hujihatarisha. Akimkamata panya kwa nyuma badala ya kichwani, meno ya panya hubaki huru, na jicho la nyoka liko karibu. Kweli, kifo cha panya huja upesi. Zamani ilifundishwa kwamba nyoka wa kukaba huua kwa kuzuia pumzi. Lakini mwaka 2015 Scott Boback na wenzake, wa Chuo cha Dickinson huko Marekani, walipima moyo na damu ya panya waliotiwa dawa ya usingizi wakakabwa na boa, wakaona kuwa mzunguko wa damu huvurugika katika sekunde chache tu. Hata hivyo, sekunde hizo zatosha kwa jeraha moja.

Boback ndiye aliyeonyesha pia, mwaka 2012, kwamba boa huuhisi moyo wa windo lake. Panya wafu waliowekewa moyo wa bandia unaodunda walikabwa kwa nguvu zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, kuliko wale wasio nao. Lakini hata wale wasiodunda walikabwa. Hapo ndipo penye faida kwa mfugaji: nyoka hahitaji windo lililo hai ili ale.

Kwa hiyo yafaa kumlisha panya aliyekwisha kuuawa bila ya mateso na kugandishwa. Huyeyushwa ndani ya friji, kisha hutiwa katika mfuko usiopenya maji na kupashwa moto kwa maji ya moto hadi afikie kiasi cha nyuzi 38, kwa kuwa chatu wengi wana vishimo midomoni vya kuhisi joto, na panya wa baridi si windo machoni pao. Unene wake usizidi sana sehemu nene ya mwili wa nyoka. Hutolewa kwa koleo ndefu, kamwe si kwa vidole. Baada ya hapo nyoka aachwe atulie mahali penye joto, asishikwe kwa muda wa siku mbili hivi, asije akacheua. Si mzaha kazi anayoifanya tumboni: watafiti walieleza mwaka 2005 kwamba moyo wa chatu wa Asia huongezeka asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya kula.

Wako nyoka wakaidi wasiokubali mzoga. Kwa hao, mlishaji hana budi kukaa hapo hapo akiangalia, koleo mkononi, na kumtoa panya baada ya dakika chache nyoka akimpuuza. Asiyeweza kungoja asimtie panya hai kizimbani, hata kwa muda wa kwenda kupokea simu.