Lugha ya Tiba (4): Degedege na Sikio la Tabibu

Magazeti yameandika tena kuhusu "lugha chafu" kwa wagonjwa, na viongozi wametoa maonyo yale yale. Nayaunga mkono. Mama aliyeshikwa na uchungu hastahili kutukanwa. Ila tangu sehemu ya kwanza nimeshikilia kwamba hata lugha safi huweza kumpita mgonjwa bila kumgusa. Ushahidi wangu leo ni neno moja ambalo nimelifuatilia kwa miaka mingi: degedege.

Wazee wa pwani hulihusisha jina hilo na ndege, dege linalopita juu ya mtoto usiku. Mtoto hukakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta wenyeji wakitenganisha mambo mawili: homa ya malaria, ugonjwa wa kawaida wa zahanati, na degedege, ugonjwa mwingine kabisa, wa mganga wa kienyeji. Mtoto alifukizwa kwa mavi ya tembo na kuogeshwa mkojo. Sindano ilikuwa mwiko, kwani iliaminika kwamba ingemuua. Tusiwacheke. Mtoto akifikishwa hospitali amechelewa, akadungwa sindano na kufa palepale, aliyesimama kando ameona nini?

Sasa mweke mama mwenye imani hiyo mbele ya tabibu aliyesomeshwa kwa Kiingereza. Tabibu anamwambia kwa upole, "Mama, malaria imempanda kichwani, tumchome sindano haraka." Mama amesikia kila neno. Anachokijua yeye ni kwamba mwanawe ana degedege. Kwa hiyo tabibu hakuutambua ugonjwa, na sasa anataka kufanya lile lililokatazwa. "Ngoja kwanza nimuulize baba yake," anasema, na anaondoka na mtoto. Tabibu anaandika kuwa mzazi amekataa matibabu. Hakuna aliyemtukana mwenzake.

Tabibu angeanza hivi: "Nyumbani mnauitaje ugonjwa huu?" Kisha: "Kweli mama, hili ni degedege. Mara nyingi huletwa na malaria, na dawa yake tunayo." Hapo mama angekuwa na sababu ya kubaki.

Nitaambiwa foleni ni ndefu, hakuna muda wa maswali hayo. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18, na ni 17 tu waliofika mwisho wa maelezo yao ya kwanza. Walioachwa wamalize, hakuna aliyevuka dakika mbili na nusu. Foleni zetu ni ndefu kuliko zao, nakiri, lakini mama aliyeondoka leo atarudi usiku na mtoto aliyezimia, na huyo atamchukulia tabibu zaidi ya dakika mbili na nusu.

Ndiyo maana sichoki kudai Kiswahili kiingie katika mafunzo ya udaktari, nacho kiwe Kiswahili cha wagonjwa: degedege, bandama, mchango, kichomi. Mwanafunzi aulizwe katika mtihani mama wa Bagamoyo anamaanisha nini kwa kila neno, kama anavyoulizwa mifupa ya mkono.

Wiki ijayo tutakaa na muuguzi wa mizani, ambaye mara nyingi hulisikia jina la ugonjwa kabla ya tabibu, na hakuna anayemuuliza.