Iliki na Msitu wa Mlimani: Botania ya Mmea wa Kudumu na Funzo Lake kwa Sera za Hifadhi katika Usambara Mashariki

Ikisiri

Iliki (Elettaria cardamomum) ni mmea wa kudumu wa familia ya tangawizi ambao asili yake ni misitu ya milima ya kusini mwa India. Makala hii inaeleza maumbile ya mmea huo, kuanzia shina lake la chini ya ardhi hadi ua na tunda, na kuonyesha namna maumbile hayo yanavyoamua mahali unapolimwa na jinsi msitu unavyobadilika ukilimwa humo. Mfano unaochunguzwa ni Milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania. Hoja kuu ni kwamba kilimo cha iliki huiacha miti mikubwa ikiwa imesimama huku kikiondoa miche inayopaswa kuirithi. Kwa hiyo, sera inayoupima msitu kwa kivuli chake pekee huchelewa kuliona tatizo.

1.0 Utangulizi

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, iliki hufahamika zaidi jikoni kuliko shambani. Huungwa katika chai, pilau na maandazi, na kwa karne nyingi imekuwa miongoni mwa bidhaa za biashara ya Bahari ya Hindi. Mmea wenyewe haujulikani kwa kiasi hicho, kwa kuwa hauoti pwani. Huhitaji ubaridi wa mlimani, mvua nyingi na kivuli, mambo ambayo katika eneo hili hupatikana pamoja katika misitu michache ya milimani. Misitu hiyo ndiyo pia chemchemi ya mito na makazi ya viumbe wasiopatikana kwingineko duniani. Kwa sababu hiyo, swali la botania kuhusu mahitaji ya mmea mmoja limekuwa swali la sera kuhusu ardhi, kipato na hifadhi.

2.0 Iliki katika Familia ya Tangawizi

Familia ya tangawizi (Zingiberaceae) ina spishi zipatazo 1,600 katika jenasi zaidi ya 50, nyingi zikiwa za Asia ya kitropiki. Wanafamilia wanaofahamika zaidi kwa wakulima wa Afrika Mashariki, yaani tangawizi, manjano na iliki, wote ni wageni. Wenyeji wapo pia, hasa jenasi ya Aframomum, ambayo matunda yake mekundu huitwa matungulu nchini Uganda na huliwa na watu, sokwe na nyani wengine.

Kinachoiunganisha familia hii ni shina linalotambaa chini ya ardhi, ambalo wanabotania huliita rizomu. Kipande cha tangawizi kinachouzwa sokoni ni rizomu, wala si mzizi. Akiba ya chakula iliyomo ndani yake ndiyo huufanya mmea kuwa wa kudumu, kwani majani yakifa uhai hubaki ardhini. Katika safu ya Himalaya, spishi za jenasi ya Roscoea hutumia uwezo huo kustahimili baridi kali: sehemu ya juu ya mmea hunyauka kila mwaka na kuchipua upya msimu unaofuata.

Iliki ilifuata njia nyingine. Asili yake ni misitu ya Ghats Magharibi, ambako katika jimbo la Kerala vipo hata vilima vilivyopewa jina la mmea huu. Huko huota zaidi kati ya meta 600 na 1,500 kutoka usawa wa bahari, mahali pasipo na baridi kali wala kiangazi kirefu. Majani yake hubaki kijani mwaka mzima. Rizomu yake, basi, haiusaidii kukwepa majira mabaya, bali huuwezesha kuendelea kuchipua palepale kwa miaka mingi.

3.0 Maumbile na Mahitaji ya Mmea

Mtu anayeutazama mmea wa iliki huona fungu la mashina marefu, mara nyingi ya meta 2 hadi 4. Hayo ni mashina bandia. Kama ilivyo kwa mgomba, kinachoonekana kuwa shina ni ala za majani zilizokumbatiana. Shina halisi ni rizomu, ambayo kila mwaka hutoa machipukizi mapya pembeni mwa yale yaliyokomaa. Kila shina bandia huishi muda mfupi, lakini fungu zima hudumu. Mmea uliotunzwa huanza kuzaa kwa kawaida katika mwaka wa tatu na huweza kumfaidi mkulima kwa miaka 10 hadi 15.

Mizizi ya iliki ni mifupi na hujikita katika tabaka la juu la udongo, lenye mboji ya majani yaliyooza. Haina uwezo wa kufuata maji chini sana. Majani yake mapana nayo hupoteza maji upesi yakipigwa na jua kali. Kivuli kwa iliki, basi, ni sharti la kuishi. Hata hivyo, giza la msitu uliofunga kabisa halifai, kwani humo mmea huishi lakini huzaa kidogo. Wakulima wa zamani wa Ghats Magharibi walilijua jambo hilo. Walikata miti michache ili kufungua uwazi mdogo msituni, kisha wakasubiri miche ya iliki iote yenyewe. Mahitaji ya mmea huu ni msitu uliofunguliwa nusu, na hapo ndipo mgogoro wake na hifadhi unapoanzia.

4.0 Ua, Tunda na Thamani

Maua ya iliki hayatokei kileleni mwa mmea. Hutokea kwenye vikonyo virefu vinavyochomoza chini kabisa, penye rizomu, na katika baadhi ya aina vikonyo hivyo hutambaa juu ya ardhi. Kila ua lina stameni moja tu inayotoa chavua. Baadhi ya stameni nyingine zimebadilika na kuungana, zikawa mdomo mweupe wenye mistari ya zambarau. Nyuki hutua juu ya mdomo huo na kuifuata mistari hadi penye nekta, na anapoingia mgongo wake hugusa chavulio na stigma. Ua hufunguka alfajiri na hudumu siku moja tu. Pasipo na nyuki wa kutosha, maua mengi huanguka bila kuacha tunda. Mkulima wa iliki, kwa hiyo, huutegemea msitu kwa kivuli na pia kwa wachavushaji.

Tunda ni kapsuli yenye vyumba vitatu na mbegu kama 15 hadi 20 zenye mafuta yanayonukia. Kwa kuwa maua huchanua kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, matunda hayaivi kwa pamoja. Huchumwa kwa mkono, kwa awamu, kabla hayajaiva kabisa, kwani yakiachwa hupasuka wakati wa kukaushwa. Kazi hii haifai mashine, lakini inaifaa familia yenye shamba dogo mlimani. Iliki iliyokaushwa ni nyepesi, haiozi upesi, na mzigo mdogo wa kubeba kichwani huleta fedha ambazo gunia zima la mihogo haliwezi kuleta. Palipo na mteremko mkali na barabara mbovu, ni mazao machache yenye sifa hizo.

5.0 Usambara Mashariki

Huko Amani, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo, na mimea mingi ya kigeni ilijaribiwa katika milima hiyo. Iliki iliyaona mazingira kama ya kwao: mvua nyingi, ukungu, udongo wenye mboji na miti mirefu. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, wakulima wadogo waliieneza sana ndani ya msitu wa asili.

Utaratibu wa kilimo hicho ni rahisi kuueleza. Mkulima hufyeka uoto wa chini, hupunguza miti kadhaa ili mwanga upenye, kisha hupanda iliki. Kwa mbali, mlima huonekana haujaguswa, kwa kuwa vilele vya miti bado vimeufunika. Chini yake hali ni tofauti. Kila palizi huondoa, pamoja na magugu, miche ya miti ya asili. Miti mizee inapoanguka hakuna vijana wa kushika nafasi zao. Mwanga unaoongezeka huukaribisha mti wa Maesopsis eminii, unaoitwa musizi nchini Uganda, ambao uliletwa Usambara na umeenea sana katika sehemu zilizofunguliwa. Baada ya miaka kadhaa rutuba na mavuno hupungua, na mara nyingi miti iliyobaki hukatwa ili kupisha mahindi, mihogo au migomba.

Serikali ya Tanzania ilianzisha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997. Baadaye, eneo la Derema, lililokuwa na mashamba mengi ya iliki chini ya miti, lilitengwa kuwa ushoroba wa kuunganisha misitu, na wakulima walilipwa fidia ya mazao yao. Hapo botania iliingia moja kwa moja katika hesabu. Anayepoteza shamba la mahindi hupoteza msimu. Anayepoteza fungu la iliki lililoanza kuzaa hupoteza mavuno ya miaka mingi ijayo, na akipanda upya husubiri hadi mwaka wa tatu.

6.0 Mapendekezo kwa Sera

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, tathmini ya msitu isiishie kwenye picha za angani. Ihesabu pia miche na miti michanga, kwa kuwa hiyo ndiyo msitu wa kesho. Pili, iliki inaweza kulimwa nje ya msitu wa asili, katika mashamba yenye miti ya kivuli iliyopandwa, mradi mkulima awe na haki ya kudumu juu ya ardhi. Hakuna apandaye mti wa kivuli katika ardhi asiyo na uhakika nayo. Tatu, fidia ya mmea wa kudumu ikadiriwe kwa umri wake wa kuzaa uliobaki pamoja na muda wa kusubiri mmea mpya.

7.0 Hitimisho

Iliki haiingii msituni kama adui. Inahitaji kivuli, mboji na nyuki wa msitu, na kwa sababu hiyo ilidhaniwa kuwa zao lisilo na madhara. Uchunguzi wa maumbile yake unaonyesha kwamba zao linalopenda kivuli huweza kuutumia msitu hadi ukaisha bila kuukata kwa siku moja. Nchi zote za eneo hili zenye misitu ya milimani zinahitaji kulizingatia hilo kabla ya kuhimiza zao lolote la chini ya miti, na mahali pa kuanzia ni kuitazama miche iliyo chini ya miti hiyo.